Vyeo vya polisi: kalamu iko mkononi mwa nani?

Kesi ya usajili wa makurutu 10,000 wa polisi tuliifuatilia sana hapa Pwani, na sababu inajulikana. Kila mtaa una kijana aliyekuwa akiisubiri siku hiyo. Zoezi lilipofanyika Novemba 17, 2025, vijana walikimbia, wakapimwa vimo, wakakaguliwa meno. Waliochukuliwa wakachukuliwa, waliorudi nyumbani wakarudi. Barazani mjadala ukaisha hapo.

Mimi naona ulipoishia ndipo ulipofaa kuanza. Jambo lililokuwa mbele ya mahakama lilikuwa kubwa kuliko usajili. Ndani ya polisi, nani ana mamlaka juu ya maisha ya afisa kazini? Nani anamwajiri, nani anampandisha cheo, nani anamhamisha, nani anamfuta? Aliyeshinda katika usajili leo atataka kushinda katika vyeo kesho, na kwenye vyeo ndiko kwenye kilio cha miaka mingi.

Tukumbushane kwanza. Oktoba 30, 2025, Jaji Hellen Wasilwa wa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi aliamua kwamba Tume ya Huduma ya Polisi, ile tunayoijua kwa jina la NPSC, haina mamlaka ya kusajili polisi. Aliyekwenda mahakamani ni aliyekuwa mbunge wa Kilome, Harun Mwau. Tume ilikuwa imeshatangaza nafasi zile 10,000. Tangazo likaanguka, na zoezi la Novemba likaendeshwa chini ya Inspekta Jenerali Douglas Kanja. Uamuzi wa mahakama ya ngazi hiyo si wa mwisho, maana juu yake kuna Mahakama ya Rufaa na Mahakama ya Juu. Lakini umeonyesha wazi ufa ulioko ukutani.

Ufa huo umo ndani ya Katiba yenyewe. Kifungu cha 245 kinasema hakuna mtu anayeruhusiwa kumpa Inspekta Jenerali maagizo kuhusu kuajiriwa, kupangiwa kazi, kupandishwa cheo, kusimamishwa au kufutwa kwa afisa yeyote wa polisi. Fuata kifungu cha 246, utakuta kwamba Tume ndiyo itakayosajili na kuteua maafisa, na ndiyo itakayoamua juu ya kupandishwa vyeo na uhamisho. Neno ni lile lile, kupandishwa cheo, nalo limewekwa katika nyumba mbili zinazopakana. Kila mwenye nyumba anasema ni lake.

Watu wa Inspekta Jenerali wanasema hivi: ikiwa hakuna anayeweza kumwelekeza mkuu wa polisi juu ya vyeo, basi vyeo ni vyake. Watu wa Tume wanajibu kwamba kifungu cha 245 ni ngao tu. Kiliwekwa kumkinga Inspekta Jenerali na simu za mawaziri na wanasiasa, hakikumpa kalamu ya kuandika majina. Kalamu, wanasema, imetajwa kwa jina katika kifungu cha 246.

Mimi si wakili. Nina diploma ya usimamizi wa wafanyakazi, na nimeishi miaka mingi nikiona jinsi watu wanavyopandishwa na kurukwa kazini. Kwa macho hayo naona usomaji wa pili una nguvu zaidi. Kama Tume haina kazi ya kuamua vyeo, basi maneno yale ya kifungu cha 246 yaliandikwa ya nini? Isitoshe, Tume ina wanachama tisa, na watatu kati yao ni Inspekta Jenerali mwenyewe na manaibu wake wawili. Yaani walioandika Katiba walitaka mkuu wa polisi aketi meza moja na raia na maafisa wastaafu, wazungumze, waamue pamoja. Leo waliotakiwa kukaa meza moja wanakutana kortini.

Na tusisahau kwa nini meza hiyo iliwekwa. Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, nchi ilijiuliza polisi wake wameharibikia wapi. Jopo la Jaji Philip Ransley lilifanya kazi 2009, na moja ya mapendekezo yake ilikuwa kuundwa kwa tume huru ya kushughulikia mambo ya ajira ya polisi. Wakati ule mkuu wa polisi aliteuliwa na Rais, na afisa mdogo alijua kwamba cheo chake kinategemea mkubwa wake amemwonaje. Afisa anayejua hivyo hamwangalii mwananchi. Anaangalia juu. Hapo ndipo Tume ilipozaliwa, na wanachama wake wa kwanza wakaingia ofisini 2012.

Sasa tushuke chini kwa yule anayeumia. Chukua mfano wa konstebo aliyetoka Kiganjo akiwa na miaka 22. Mbele yake kuna ngazi nne kabla ya kuitwa inspekta: koplo, sajenti, sajenti mwandamizi, kisha inspekta. Atapelekwa Kiunga, atatoka huko aende Garsen, atakwenda Lokichar. Miaka mitatu inapita, mitano, kumi na miwili. Siku moja orodha inatoka Nairobi, na juu yake kuna jina la kijana aliyemkuta kazini na aliyemfundisha yeye kufunga mkanda. Anapiga saluti. Hakuna barua inayomwambia kwa nini yeye hakuchukuliwa. Hakuna mahali pa kusoma kwamba katika foleni ya makonstebo yeye ni wa ngapi. Anachobaki nacho ni uvumi: fulani ana mjomba, fulani alitoa kitu, fulani ni wa kabila la mkubwa. Huenda uvumi wote ni uongo. Lakini palipo na giza, uvumi ndio taa.

Kwa nilivyofuatilia, migogoro hii ina milango mitatu mikubwa.

Wa kwanza ni foleni mbili zilizounganishwa. Mwaka 2018 serikali ilitangaza kwamba polisi wa utawala waliokuwa wakifanya kazi za kawaida za ulinzi wa raia waingizwe katika Polisi wa Kenya. Waliohamishwa walikuwa zaidi ya 24,000. Kila kikosi kilikuwa na utaratibu wake wa kupandisha watu na kasi yake. Sajenti wa upande huu alipata cheo baada ya miaka sita, wa upande ule baada ya kumi na miwili. Ukiwaweka kituo kimoja, nani mkubwa? Ukihesabu tarehe ya kupata cheo, mmoja anaongoza. Ukihesabu tarehe ya kuingia kazini, mwenzake anaongoza. Swali kama hili linataka kanuni iliyoandikwa na kusomwa na wote kabla ya watu kuchanganywa. Likiachwa, kila mkuu wa kituo atalijibu kivyake.

Mlango wa pili ni wa waliosoma. Kwa muda mrefu konstebo aliyepata digrii alikuwa akilipwa mshahara wa inspekta, hata kama begani bado ni konstebo. Wengi walijinyima, wakasoma jioni, wakalipa karo wenyewe. Halafu utaratibu ukabadilishwa na mishahara ikapunguzwa, nao wakaenda mahakamani. Tume ilikuwa na hoja yake kwamba cheti hakiwezi kuwa cheo, na kwamba polisi haiwezi kuwa na mainspekta wengi kuliko makonstebo. Hoja hiyo ina uzito. Lakini mtu aliyeahidiwa jambo, akalitegemea, akakopa kwa ajili yake, naye ana hoja. Huwezi kumbadilishia kanuni akiwa katikati ya mto.

Mlango wa tatu ni wa walioshikiliwa na faili. Afisa ana kesi ya nidhamu au malalamiko yasiyosikizwa. Wakati faili limelala, wenzake wanapanda. Siku akisafishwa, anarudishiwa jina zuri lakini harudishiwi miaka. Wale waliokuwa chini yake sasa ni wakubwa wake. Kesi yake ya nidhamu ameshinda, ukongwe wake umepotea.

Mwenye kudhulumiwa aende wapi? Hapa ndipo raia wengi hawajui, na ningependa tulielewe vizuri. Sheria ya Ajira ya 2007, ambayo inamlinda mpishi wa hoteli Diani na mlinzi wa duka Malindi, inasema wazi kwamba haiwahusu polisi. Sheria ya Mahusiano ya Kazi nayo inawaweka kando, hivyo hawana chama cha wafanyakazi. Mwalimu aliyekwama katika daraja moja miaka kumi ana KNUT au KUPPET ya kumsemea na kukaa na TSC mezani. Polisi hana. Hawezi kugoma, hawezi kuandamana, hawezi kuita waandishi wa habari.

Kilichobaki ni Katiba. Kifungu cha 41 kinampa kila mtu haki katika kazi. Kifungu cha 47 kinampa haki ya kutendewa kwa usawa na ofisi ya umma, na kupewa sababu kwa maandishi pale haki yake inapoguswa. Kifungu cha 232 kinasema kupanda kazini katika utumishi wa umma kufuate ushindani wa haki na uwezo. Haya ndiyo mawakili wanayoyabeba kwenda mahakamani. Maneno ni mazuri sana. Tatizo ni kwamba ili kuyatumia, afisa mmoja mmoja lazima amshtaki mkubwa wake mwenyewe, alipe wakili kutoka mshahara wa konstebo, na aendelee kuripoti kazini kesho yake kwa yule yule aliyemshtaki. Na mkubwa huyo anaweza kushauri ahamishwe.

Tena mahakama ina mipaka yake. Majaji wetu wamekuwa wakishikilia kwamba kupandishwa cheo si haki ya moja kwa moja. Haki ni kufikiriwa kwa usawa. Jaji ataangalia kama kanuni zilifuatwa, kama afisa alisikizwa, kama alibaguliwa. Akikuta kasoro anaweza kufuta uamuzi na kuamuru urudiwe. Kuketi kwenye kiti cha Tume na kusema huyu awe inspekta kuanzia leo, hilo majaji hulikwepa, na wana sababu. Kwa hivyo afisa anaweza kushinda kesi na akarudi kwenye foleni ile ile, mbele ya watu wale wale. Wakati huo saa inakwenda. Akifika miaka 60 atastaafu. Walio kwenye mfumo wa zamani pensheni yao huhesabiwa kwa mshahara wa mwisho. Walio kwenye mfumo mpya ulioanza Januari 2021, michango yao hukatwa kwa asilimia ya mshahara. Kwa vyovyote, cheo kilichonyimwa leo ni pensheni iliyopunguzwa kesho, na ni watoto wanaokosa karo.

Najua msomaji mwingine atasema: ya polisi tuwaachie polisi, sisi wametutesa vya kutosha. Hapa Pwani maneno hayo yana mizizi. Kuna familia ambazo hadi leo zinatafuta vijana wao waliochukuliwa usiku. Siwezi kumlaumu mama wa namna hiyo akisema hana machozi ya kumlilia konstebo.

Lakini nina jambo la kumwambia, kwa heshima. Jopo la Jaji Mkuu mstaafu David Maraga, lililoundwa Desemba 2022 na kukabidhi ripoti yake Novemba 2023, lilitaja ufisadi na upendeleo katika usajili, upandishaji vyeo na uhamisho wa polisi. Tujiulize maana yake kwetu. Aliyenunua cheo atazirudisha pesa zake, na hatazirudisha kutoka kwa aliyemuuzia. Atazitoa kwenye matatu ya Mtwapa, kwenye bodaboda ya Kisauni, kwenye dhamana ya kijana aliyekamatwa Ijumaa ili alale ndani mpaka Jumatatu. Na aliyepata cheo kwa fadhila ya mkubwa, mkubwa akimwambia fulani achukuliwe usiku, ataanzia wapi kukataa? Afisa pekee anayeweza kukataa amri haramu ni yule anayejua kwamba cheo chake kiko juu ya karatasi na hakiko kwenye moyo wa mtu. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Hapa haki ya mnyonge wa sare inagusana na haki yetu.

Kuna kishawishi kingine ambacho sisi Wapwani lazima tukiangalie. Tunapoona makamanda wanaokuja huku si wenyeji, tunadai watu wetu wapandishwe. Madai hayo yana msingi. Kifungu cha 246 chenyewe kinataka huduma ya polisi iwe na sura ya maeneo na makabila yote ya Kenya. Ila njia tunayoitumia ni kumpigia mbunge, mbunge ampigie waziri, waziri aongee na mtu. Njia hiyo ndiyo ugonjwa wenyewe. Leo itampandisha mtoto wa Kilifi, kesho itampandisha mwingine juu yake kwa sababu ana mbunge mwenye sauti kubwa zaidi. Anayetoka jamii ndogo yenye wabunge wachache hapaswi kushabikia mchezo wa simu. Mchezo huo hatuuwezi. Linalotufaa ni orodha iliyo wazi.

Wanaotaka kalamu ibaki kwa Inspekta Jenerali wana hoja nisiyoweza kuipuuza. Kikosi si ofisi ya kaunti. Kamanda anayewatuma vijana msitu wa Boni lazima aweze kumtuza aliyefanya kazi na kumnyima aliyekimbia. Ukiweka vyeo mikononi mwa watu wasiojua uwanjani kunatokea nini, utapata wenye kujua kuandika barua za maombi na utawapoteza wenye kujua kazi. Hilo ni kweli. Na Tume yenyewe haina mikono safi ya kutosha kunyoosha kidole. Imekuwepo kwa zaidi ya miaka kumi, ina kanuni zake za kupandisha vyeo tangu 2015, na bado konstebo wa Hola hawezi kuisoma nafasi yake popote.

Kwa hivyo naona ugomvi wa nani anashika kalamu ni nusu tu ya shauri. Msimamo wangu ni kwamba kamanda apendekeze na Tume iamue, kama kifungu cha 246 kinavyosomeka. Lakini hata kama mahakama za juu zitaiacha kalamu kwa Inspekta Jenerali, yapo mambo ambayo yeyote atakayeishika lazima abanwe nayo.

Kwanza, kila mwaka itolewe orodha ya ukongwe kwa kila cheo. Kama kuna hofu ya usalama, zitumike namba za kazi badala ya majina. Kila afisa ajue yeye ni wa ngapi, na amepitwa na nani.

Pili, aliyefikiriwa akakosa apewe barua yenye sababu. Si fadhila, ni kifungu cha 47. Barua moja ya ukurasa mmoja ingezuia kesi nyingi, kwa sababu watu wengi hawaendi kortini kwa kukosa cheo. Wanakwenda kwa kukosa jibu.

Tatu, miaka ya kazi ngumu ihesabiwe kwa alama zilizoandikwa. Afisa aliyemaliza miaka minne kule Lamu, kwenye barabara zilizotegwa mabomu, asiwe sawa na aliyekaa miaka hiyo akimfungulia mkubwa mlango wa gari. Ukongwe peke yake hautoshi, maana mtu anaweza kuzeeka kazini bila kufanya kazi. Lakini uwezo nao upimwe kwa kipimo ambacho anayepimwa anakijua kabla.

Nne, afisa aliyesafishwa na kesi ya nidhamu arudishiwe ukongwe wake, si jina pekee. Na kuwe na mahali pa kukata rufaa karibu, Mombasa au Malindi, kabla ya mtu kulazimika kutafuta wakili.

Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji kubadilisha Katiba. Orodha na barua zinahitaji kanuni na amri ya ofisi tu. Mengine Bunge linaweza kuyaweka kwenye sheria mbili za polisi za 2011 ambazo lilizitunga lenyewe. Wabunge wetu wa Pwani wanaokaa kwenye kamati wana nafasi ya kumuuliza Inspekta Jenerali na mwenyekiti wa Tume, siku moja, chumba kimoja: orodha iko wapi? Wakijibiwa kwamba haipo, tujue kwamba wote wawili wanapigania kalamu ya kuandikia gizani. Wakijibiwa kwamba ipo, basi waitoe.

Cheo cha polisi ni amana. Anayepewa anapewa bunduki, seli na uwezo wa kuamua nani alale nyumbani usiku huu. Amana ya namna hiyo haigawiwi kwa siri.